Gongo si gongo tu: mpindo wa bapa na safari ya hoki ya barafu Kenya

Kenya ilipokubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, IIHF, mnamo Septemba 2024, sisi hapa studio tuliitaja habari hiyo kwenye kipindi cha asubuhi kisha tukapita. Ujumbe uliofuata kwenye simu ndio uliotufanya tuirudie kila mara hadi leo. Wengi mlicheka: barafu Kenya? Lakini msikilizaji mmoja aliuliza swali la maana zaidi. Alikuwa ameona picha za vijana wa timu ya Ice Lions, akagundua kwamba magongo yao hayafanani. Moja limepinda upande huu, jingine upande ule, na jingine karibu limenyooka. Alitaka kujua kama yameharibika au yalitengenezwa hivyo.

Yalitengenezwa hivyo. Na ukifuatilia kwa nini yanatofautiana, utafika kwenye swali kubwa zaidi: mtoto wa Kenya anayejifunza mchezo huu kwa gongo la kupewa anajifunza kwa mkono wake, au kwa mkono wa mtu mwingine aliyelitumia kabla yake?

(Tunasema gongo la kuchezea. Wenzetu wa Tanzania wasije wakadhani tumeanza biashara nyingine.)

Kwanza, mchezo wenyewe

Hoki ya uwanjani tunaijua. Mnaotusikiliza magharibi mwa nchi na Bonde la Ufa mmewaona wasichana wa Tigoi na Nyamira, na wavulana wa Kamusinga, Musingu na St. Anthony's Kitale, wakipigania ubingwa wa shule za sekondari. Wazee watakumbuka pia kwamba Kenya ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la hoki, mjini Barcelona mwaka wa 1971.

Hoki ya barafu ni ndugu wa mchezo huo. Kila upande una wachezaji sita uwanjani, golikipa akiwemo, wote wakiwa na viatu vyenye ukingo wa chuma wa kutelezea. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu, upana wake inchi 3 na unene inchi 1. Wachezaji hukiita paki.

Tofauti kubwa iko kwenye gongo. Katika hoki ya uwanjani, gongo lina uso mmoja tu bapa wa kuchezea, ulio upande wa kushoto, na sheria hairuhusu gongo la kushoto. Atumiaye mkono wa kushoto hana budi kujifunza kama wengine. Mmoja wetu hapa studio anatumia kushoto, na anakumbuka vizuri muhula wake wa kwanza wa hoki shuleni: mwalimu alidhani ni mzembe, kumbe mikono ilikuwa inagombana. Gongo hilo linaruhusiwa kupinda kidogo kwa urefu wake, kama upinde, lakini si zaidi ya milimita 25.

Katika hoki ya barafu, mpini umenyooka. Kinachopinda ni bapa lenyewe, ile sehemu ya chini inayogusa barafu. Linaweza kupinda kwa mchezaji wa kulia au wa kushoto, kwa kina tofauti na mahali tofauti. Ndiyo maana magongo mawili yanayofanana rangi yanaweza kuwa vyombo viwili visivyohusiana kabisa.

Bapa lilipindaje

Kwa miongo mingi bapa lilikuwa limenyooka kama rula. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Stan Mikita, mchezaji wa Chicago Black Hawks, mapema miaka ya 1960. Akiwa mazoezini, gongo lake lilibanwa mlangoni bapa likapinda. Kwa hasira, na kwa uvivu wa kwenda kuchukua jingine, akapiga paki kwa bapa lile lile bovu. Paki ikaondoka kwa kasi na kwa mwendo ambao hakuutarajia. Akarudia, ikafanya vile vile. Muda si mrefu yeye na mwenzake Bobby Hull wakawa wanalowesha mabapa ya mbao na kuyapinda makusudi. Wapo wanaosema Andy Bathgate wa New York Rangers alikuwa ametangulia kufanya hivyo.

Walioumia ni magolikipa. Wakati huo karibu wote walicheza bila kinga ya uso. Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipasuliwa uso kwa pigo la Bathgate huyo huyo tarehe 1 Novemba 1959, akashonwa, kisha akarudi uwanjani akiwa amevaa kinyago. Sasa fikiria paki inayokuja kwa kasi, na juu ya hayo inayumba hewani kwa sababu ya bapa lililopinda kama ndizi.

Ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ikaweka kikomo. Kufikia 1970 mpindo haukuruhusiwa kuzidi nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mwaka wa 2006 kikomo kikapanda hadi robo tatu ya inchi, kama milimita 19. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa kidole gumba, lakini imewahi kuamua fainali.

Tarehe 3 Juni 1993, Los Angeles Kings walikuwa wanaongoza 2 kwa 1 ugenini Montreal, katika mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Stanley. Walikuwa wameshinda wa kwanza. Zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, kocha wa Montreal, Jacques Demers, aliwaomba waamuzi wapime gongo la Marty McSorley wa Kings. Likapimwa, likakutwa limepinda kupita kiasi. McSorley akatolewa nje kwa dakika mbili. Montreal wakasawazisha, wakashinda katika muda wa ziada, na hatimaye wakachukua kombe kwa michezo 4 kwa 1. Eric Desjardins alifunga mabao yote matatu ya Montreal siku hiyo.

Mpindo unafanya nini

Ukitaka kulielewa bapa, liangalie kwa mambo manne.

La kwanza ni mahali mpindo unapoanzia. Bapa lina kisigino, pale linapoungana na mpini, lina katikati, na lina ncha. Mpindo wa kisigino humsaidia anayepiga mapigo makubwa ya nguvu na pasi ndefu. Mpindo wa katikati hufanya kila kitu kwa kiasi. Mpindo wa ncha humsaidia mchezaji wa chenga anayevuta paki karibu na miguu na kuifyatua ghafla.

La pili ni kina. Kadiri bapa linavyopinda zaidi, ndivyo paki inavyokaa ndani yake kama nafaka kwenye kiganja. Lakini kila faida ina gharama yake. Upande wa nyuma wa bapa hilo umebinuka nje, kwa hiyo pigo la kinyume na pasi ya kinyume huwa vigumu: paki huteleza na kwenda isikotumwa. Mwenye bapa lililonyooka hupiga pande zote mbili bila shida.

La tatu ni uso. Bapa lingine uso wake umelala nyuma kidogo, tunaita umefunguka, kama sepetu unapoiingiza chini ya mchanga. Hilo huinua paki haraka, na linafaa ukiwa karibu na golikipa aliyelala chini. Ukiwa mbali, anayeanza hushangaa kuona kila pigo linapita juu ya goli.

La nne ni mlalo, yaani pembe kati ya mpini na bapa. Hupewa namba, na 5 na 6 ndizo za kawaida. Namba kubwa inamfaa anayesimama wima na kushika gongo karibu na mwili. Namba ndogo inamfaa anayeinama na kulinyoosha mbali. Njia ya kujua kama mlalo unakufaa ni rahisi: wachezaji hufunga utepe kwenye bapa, basi tazama utepe huo baada ya mazoezi kadhaa. Ukilika zaidi upande wa ncha, namba yako ni ndogo mno. Ukilika zaidi kisiginoni, ni kubwa mno. Ukilika katikati, tulia nalo.

Watengenezaji huandika mpindo kwa namba kwenye mpini. Kwa kampuni ya Bauer, P88 ni mpindo wa katikati wenye uso uliofunguka kidogo tu, P92 umesogea kuelekea ncha na uso wake umefunguka zaidi, na P28 ni wa ncha hasa. Kampuni nyingine hutumia namba zake: P29 ya CCM inakaribiana sana na P92 ya Bauer. Kwa anayeanza, wengi hushauri mpindo wa wastani kama P88 au P92, kisha abaki nao mpaka mikono iujue.

Kulia au kushoto

Hapa ndipo wengi hukosea. Mchezaji wa kulia ni yule ambaye mkono wake wa kulia uko chini kwenye mpini. Haina maana kwamba ndio mkono anaoandikia. Wapo wengi wanaoandika kwa kulia na kucheza kushoto, kwa sababu mkono wenye nguvu uko juu, mwisho wa mpini, ukiongoza gongo. Nchini Kanada wanaocheza kushoto ndio wengi. Kwa jirani zao wa Marekani, wanaocheza kulia ndio wengi.

Kwa hiyo hakuna upande ulio sahihi kwa kila mtu. Mpe mtoto ufagio au fimbo iliyonyooka, mwambie asukume kopo sakafuni, halafu usiseme kitu. Tazama mkono upi umeshuka chini. Huo ndio upande wake.

Lakini upande ukishajulikana, bapa lazima liufuate. Kushika gongo la kushoto kwa mikono ya kulia ni kucheza na mgongo wa bapa. Aliyewahi kumpa mtu wa kushoto mundu ulionolewa upande mmoja kwa ajili ya mkono wa kulia anajua matokeo yake: nyasi zinalala badala ya kukatika, na anayelaumiwa ni mkataji.

Gongo la msaada

Sasa turudi Nairobi. Hoki ya barafu ya Kenya imekulia kwenye uwanja mmoja, ule wa hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, uliofunguliwa mwaka wa 2005. Ni mdogo kuliko uwanja wa kimataifa, ambao una urefu wa mita 60. Wachezaji kadhaa walianzia viatu vya magurudumu kwenye lami kabla ya kukanyaga barafu. Mwaka wa 2018 Ice Lions walisafiri hadi Kanada, ambako nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon waliingia uwanjani kucheza pamoja nao. Dunia ikawajua, na vifaa vingi walivyotumia tangu mwanzo vimetokana na ukarimu wa watu.

Ukarimu huo tunaushukuru. Gongo la daraja la juu huuzwa zaidi ya dola 300 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi 38,000 za Kenya, na linaweza kuvunjika siku ya kwanza. Hakuna mzazi wa kawaida anayeweza kulipia hilo. Bila misaada, mchezo huu ungebaki wa wageni na wenye pesa.

Hata hivyo, gongo lililotumika lina historia. Lilichaguliwa na mtu fulani, kwa urefu wake, uzito wake na upande wake. Likitoka Kanada, usishangae likiwa la kushoto. Likiwa la mtu mzima, huenda lina namba ya ukakamavu ya 85, maana yake inahitaji nguvu ya pauni 85 kulipinda inchi moja. Kanuni ya haraka ni kwamba namba hiyo iwe karibu nusu ya uzito wa mchezaji kwa pauni. Kijana wa kilo 50 ana pauni 110, kwa hiyo anahitaji kama 55. Mpe la 85, ukalikate ili limfike kidevuni, na umeongeza tatizo: gongo likikatwa huzidi kuwa kakamavu. Atapiga kama anayepiga kwa nondo.

Sisi hatusemi mtoto akatae gongo la kushoto. Tumeona kwamba upande unaweza kufundishwa, na mtoto wa miaka saba aliyeanzia kushoto atakuwa mchezaji mzuri wa kushoto. Hatari iko kwenye kubadilisha. Jumamosi hii ameokota la kushoto lenye ncha iliyopinda, wiki ijayo la kulia lililonyooka, wiki ya tatu amechelewa na yamebaki ya watu wazima. Kila wiki anaanza upya. Na kwa kuwa hakuna aliyemweleza kuhusu mpindo, anahitimisha kwamba yeye ndiye mbovu. Watoto huacha mchezo kwa sababu kama hizo, bila kumwambia mtu.

Namna ya kuzoea

Kwa anayelazimika kuhamia mpindo mpya, iwe ni Nairobi au Toronto, njia ni moja: polepole, na kwa mpangilio.

Anza na pasi za karibu ukiwa umesimama, mbele na kinyume, mpaka uone paki inatoka sehemu gani ya bapa. Kisha piga golini kwa nguvu kidogo. Paki hufuata mahali bapa linapoishia kuelekea, kwa hiyo ikiruka juu mno, malizia pigo chini na uzungushe viganja ili uso wa bapa ufunike paki. Ikibaki chini wakati unataka ipande, iachie kutoka karibu na ncha. Nguvu ije mwisho. Usibadilishe gongo siku ya mechi.

Habari njema kwa nchi isiyo na barafu ni kwamba kazi hii haihitaji barafu. Mpira mdogo mgumu na sakafu ya saruji vinatosha. Ila usitumie gongo lako zuri kwenye saruji, kwa sababu bapa huliwa upesi. Tumia kuukuu lenye mpindo ule ule.

Na kupinda mwenyewe kwa moto kama wazee wa Chicago? Lile la mbao linakubali mvuke na subira. Haya ya sasa ya nyuzi za kaboni ni jambo jingine: moto huweza kuyadhoofisha ndani bila kuonekana nje, kisha yanavunjika kwenye pigo la kwanza.

Kipi kwanza?

Tunajua hoja itakayofuata. Nchi ina uwanja mmoja mdogo wa barafu, nanyi mnazungumzia milimita za bapa? Ni kweli, uwanja ndio kilio kikubwa, na uanachama wa IIHF utakuwa karatasi tu kama vijana hawana mahali pa kucheza. Lakini uwanja unahitaji mamilioni, umeme wa kuugandisha saa zote na mwekezaji mwenye moyo. Kupanga magongo kunahitaji asubuhi moja, kalamu ya wino mzito na mtu anayejua: ya kulia huku, ya kushoto kule, namba ya ukakamavu imeandikwa juu, na kila mtoto ana lake lenye jina. Hilo linawezekana kabla ya uwanja wa pili kujengwa.

Linahusu hata shule zetu zisizojua barafu. Stoo ngapi za michezo zina magongo ya hoki ya uwanjani yaliyotupwa pamoja, ya watu wazima na ya watoto, mwalimu akisema kila mtu achukue moja? Kipimo kisichomfaa mtoto hufanya kazi ile ile mbaya, kwenye nyasi kama kwenye barafu.

Wengi wenu mna ndugu Kanada na Marekani. Wakipiga simu siku moja wakiuliza watume nini kwa ajili ya timu hizi, usiwajibu "chochote". Waulizeni mambo manne kabla hawajafunga sanduku: ni la mkono gani, lina urefu gani, ukakamavu wake ni namba ngapi, na mpindo umeandikwa nini kwenye mpini. Maswali hayo manne hayamvunjii mtoaji heshima. Yanampa mtoto atakayelipokea nafasi ya kujua kwamba lililokosewa, kama lipo, ni gongo.